Gari Lililokunywa Maji

Wewe uliye dukani pale Soko Kuu hapa Bunia, wewe uliye Mudzipela, Nyakasanza, Bankoko, Simbiliabo, nanyi mnaotupata mkiwa njiani kuelekea Iga-Barrière au Bogoro, wote nawasalimu. Mama uliyebandika sombe jikoni, usiuzime moto. Sogeza tu redio karibu, tuzungumze.

Leo tunazungumza juu ya magari. Siyo magari mapya, maana gari jipya hapa kwetu tunalijua kwa nembo ya shirika iliyobandikwa mlangoni. Nazungumzia haya tunayonunua sisi wenyewe kwa jasho letu, magari ya okazioni, yaliyokwisha kutembea mikononi mwa watu wengine, katika nchi nyingine, kabla hayajafika kwenye vumbi letu.

Nianze na kisa cha nyumbani. Shemeji yangu aliweka akiba miaka mingi. Aliuza ng'ombe wawili, akakopa kidogo kwa wenzake wa likelemba, kile kikundi cha kuchangiana, akateremka Kampala, akarudi na RAV4 nyeupe. Wandugu, ilikuwa nzuri! Ndani inanukia kama duka la manukato. Mtaa mzima tulitoka kuiona, na mzee mmoja jirani akapitisha mkono kwenye boneti kama mtu anayempapasa ndama.

Usiku wa tatu mvua ikanyesha. Saa nane za usiku klaksoni ikaanza kulia. Peke yake. Ndani ya gari hakuna mtu, na ufunguo uko chini ya mto wa shemeji. Ninyi mnajua usiku wetu wa Ituri ulivyo. Kelele ya usiku wa manane hapa haichekeshi mtu. Majirani walizima taa, watoto wakaingia uvunguni. Shemeji akatoka na kaptula na tochi, akafungua boneti, akang'oa waya wa bateri. Kukawa kimya.

Asubuhi akalipeleka garaji. Fundi yule, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, hakugusa injini. Alikaa kiti cha mbele, akashika mkanda wa usalama, akauvuta. Akauvuta tena. Akauvuta mpaka pale mkanda unapogoma, mahali ambapo hakuna abiria anayefika, hata awe mnene namna gani. Kwenye sehemu ile ya mwisho palikuwa na mstari wa rangi ya kahawia, kama ule unaobaki ndani ya kikombe cha chai kilichosahauliwa mezani tangu jana.

Kisha akafungua skrubu za chini ya mlango, akainua kapeti. Akapitisha kidole chini yake, akampakaza shemeji kiganjani.

"Yaya," akamwuliza, "udongo wa Bunia ni wa rangi gani?"

"Mwekundu."

"Na huu?"

Ulikuwa wa kijivu, laini kama unga wa muhogo. Udongo wa mto, au wa bahari, au wa mtaro wa mji fulani ambao shemeji hajawahi kuuona na labda hatauona. Gari lile lilikuwa limekunywa maji kabla halijamjua yeye. Maji ya wapi? Mpaka leo hatujui.

Basi hilo ndilo swali la leo, na nitalirudia mpaka mlizoee: gari hili lilikuwa wapi maji yalipopanda?

Mtu atasema, "Maji tu? Maji si hukauka?" Ni kweli hukauka. Tena juani Kampala hukauka haraka sana. Tatizo ni kile yanachokiacha. Gari la leo lina nyaya nyingi kuliko nyumba yako. Zinapita chini ya kapeti, chini ya viti, nyuma ya dashibodi, na kila zinapokutana pana vijino vidogo vya shaba vinavyoshikana. Maji machafu yakiingia pale, shaba inaanza kufanya ukungu wa kijani. Haifanyi siku moja. Inachukua wiki, miezi, wakati mwingine mwaka. Siku ya kununua, gari linawaka, redio inaimba, vioo vinapanda na kushuka. Muuzaji anatabasamu, wewe unatabasamu. Halafu muuzaji yuko mbali na wewe uko Bunia, ndipo ule ukungu wa kijani unamaliza kazi yake, na klaksoni inalia saa nane za usiku.

Na hiyo ya klaksoni ni bahati nzuri. Zipo zile eabegi, mifuko ya hewa inayotakiwa kufumka kukulinda kifua siku ya ajali. Nazo zinategemea nyaya hizo hizo. Breki zenye kompyuta nazo ni hivyo hivyo. Gari lililokunywa maji linaweza kuonekana zima miaka miwili, kisha likakunyima eabegi siku ile moja tu uliyoihitaji.

Na injini je? Chukua chupa ya plastiki tupu, ifunge vizuri, ibane kwa mikono. Inabonyea, sivyo? Ndani mna hewa, na hewa inakubali kubanwa. Sasa ijaze maji pomoni, ifunge, ibane. Haikubali. Injini inafanya kazi ya kubana hewa, kila sekunde, mara nyingi. Siku ikivuta maji badala ya hewa, pistoni inapanda kwa nguvu, inakutana na kitu kisichobanika, na lazima kitu fulani kikubali kushindwa. Kinachokubali ni mkono wa pistoni. Unapinda. Ukipinda kidogo tu, injini inaweza kuendelea kuzunguka kwa muda, ikigonga kidogo, ikila oili kidogo, mpaka siku itakapokuacha kwenye kilima kati ya Mahagi na hapa.

Maji ya chumvi ni mabaya zaidi. Ya mto yanaleta matope, ya bahari yanaleta matope na kutu isiyolala.

Kabla sijaenda mbele, nataka niwape habari moja ya Japani, kwa sababu magari yetu mengi yametoka kule. Tarehe 12 Oktoba 2019 kimbunga walichokiita Hagibis kilipiga nchi ile. Mto Chikuma ukavunja kingo zake karibu na mji wa Nagano, maji yakaingia mahali yanapolazwa yale matreni yao ya kasi, Shinkansen. Treni kumi zikalala majini, mabehewa 120 kwa jumla. Matreni ya thamani kubwa mno, mengine yakiwa yamefanya kazi miaka michache tu. Mnafikiri kampuni ziliyafanya nini? Ziliyaanika juani? Zilipuliza manukato? Ziliamua yote kumi yavunjwe. Sehemu kubwa ya mitambo ya umeme iko chini ya sakafu, na wenye matreni hawakutaka kumpandisha abiria juu ya mitambo iliyolala majini.

Sasa jiulize. Wajapani wenye mainjinia na karakana zote zile waliogopa gari lililokunywa maji, halafu mimi na wewe tuliamini kwa sababu limeoshwa vizuri?

Haya, turudi kwenye swali letu. Gari hili lilikuwa wapi maji yalipopanda? Utaanzaje kulijibu? Mimi nasema anza na usukani. Naam, volani.

Congo tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo volani yetu ya haki iko kushoto. Lakini majirani zetu Uganda, Kenya na Tanzania wanaendesha upande wa kushoto, na Japani vilevile. Ndiyo maana barabara zetu za Ituri zimejaa magari yenye volani kulia. Yameshuka melini Mombasa au Dar es Salaam, yamekaa Kampala kwenye zile bondi za kuuzia magari, yamepita Karuma na Pakwach, yamevuka Goli kuingia Mahagi. Mengine yamepita Kasindi na kupanda kupitia Beni na Komanda, barabara ikiruhusu. Ukiona volani kulia, fikiria kwanza Japani, kisha fikiria Uganda yenyewe.

Kwa nini Japani? Mbali na Hagibis ya 2019, kuna mafuriko makubwa ya Julai 2018 magharibi ya nchi, na kabla yake tsunami ya tarehe 11 Machi 2011 iliyobeba magari kama makopo. Wajapani kwa bahati nzuri ni watu wa kuandika. Gari likipita mnadani kwao linatolewa karatasi ya ukaguzi, na kama maji yalipita sakafu ya ndani huandikwa kansui, yaani limezama. Tena wanatofautisha: maji yaliishia sakafuni, yalifika kwenye kiti, au yalipanda mpaka dashibodi? Kadiri yalivyopanda ndivyo bei inavyoanguka. Kwa hiyo mwombe muuzaji karatasi ile ya mnada, na hakikisha namba ya chesi iliyo juu yake ni ile iliyogongwa kwenye gari. Karatasi inaghushiwa, najua. Lakini muuzaji anayeikwepa kabisa amekwishakupa jibu la aina yake.

Na kwa nini Uganda? Kwa sababu mji wa Kampala wenyewe hujaa maji. Aliyewahi kukaa Bwaise siku ya mvua hahitaji maelezo yangu. Gari linaweza kutoka Japani likiwa kavu, likanywea maji yake Kampala.

Sasa volani kushoto. Hapa wengi wetu tunafurahi: "Hili ni la haki, hili halitanisumbua kupita lori mbele yangu." Ni kweli. Lakini volani kushoto nayo ina nchi zake. Mengi yanatoka Ghuba, Dubai na Sharjah. Tarehe 16 Aprili 2024 Falme za Kiarabu zilipata mvua ambayo hawakuwa wameiona katika miaka 75 ya kupima mvua kwao. Jangwani! Mahali pamoja karibu na Al Ain zilishuka zaidi ya milimita 250 katika muda usiofika siku nzima. Mliona picha: barabara zimekuwa mito, magari ya kifahari yanaelea, wenyewe wameyaacha wakaogelea. Sharjah kuna mitaa iliyokaa na maji siku kadhaa. Magari yale hayakuyeyuka, wandugu. Yako mahali fulani.

Na Ghuba haiuzi tu ya kwake. Inapokea magari mengi kutoka Marekani yaliyoharibika, yanatengenezwa kule, yanauzwa Afrika na kwingineko. Marekani, kimbunga Harvey kilipozamisha Houston mwezi wa Agosti 2017, magari yaliyoharibika yalihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Kule gari likizama na bima ikalilipa, karatasi zake zinatiwa alama. Lakini kuna wajanja wanaolihamisha kutoka jimbo hadi jimbo mpaka ile alama inapotea njiani. Tuseme wanafua karatasi kama wanavyofua viti. Wakishalipandisha melini, nani ataiuliza Houston?

Ulaya vilevile. Julai 2021 maji yalifagia bonde la mto Ahr Ujerumani na miji ya Ubelgiji upande wa Liège na Verviers. Oktoba 2024 ikawa zamu ya Valencia, Hispania, ambako magari yalipangana barabarani kama magogo. Hata hapa nchini, Aprili 2025 mto Ndjili ulifurika Kinshasa ukakata barabara ya uwanja wa ndege.

Naomba msinielewe vibaya. Sisemi kila gari la Sharjah limezama wala kila gari la Kampala limeoshwa. Yapo mazuri, mengi. Nasema volani inakuambia uulize habari za nchi gani, na tarehe inakuambia uulize nini. "Kaka, gari hili lilikuwa wapi mwezi wa nne mwaka 2024?" Muuzaji mkweli atasema lilikuwa Japani, au lilikuwa tayari Mombasa, na atakuonyesha karatasi ya meli. Yule mwingine ataanza kukusifia rangi.

Sasa tufike kwenye gari lenyewe. Umesimama mbele yake. Unafanya nini?

Wengi wetu tunafanya hivi: tunawasha injini, tunasikiliza, tunapiga mateke tairi, tunaliendesha kidogo, basi. Injini ndicho kitu cha kwanza muuzaji anachokirekebisha! Anajua utakiangalia. Wewe angalia pale ambapo yeye aliona uvivu kupaosha.

Anza na pua. Omba gari liwe limefungwa vioo vyote tangu jana yake, na ufike mapema, kabla halijafunguliwa. Fungua mlango, ingiza kichwa, vuta pumzi. Unasikia uvundo, ule wa nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi? Ondoka. Unasikia manukato makali mpaka macho yanawasha? Hapo ndipo pa kukaa na kufikiri zaidi. Gari la kawaida lililotumika linanuka gari lililotumika. Anayelipaka marashi yote yale anafunika nini?

Kisha vidole. Ingiza mkono chini ya kiti cha mbele mpaka ndani kabisa, shika reli yake na chemchemi zake. Kutu nyingi pale, kwenye gari linalosemekana halikuzeeka, ni neno. Angalia boliti zinazoshika kiti sakafuni. Zina alama mpya za spana? Nani hufungua viti vya gari zima, na kwa sababu gani? Hufungua yule aliyetaka kutoa kapeti ailoweke sabuni. Na ukikuta kapeti mpya kabisa kwenye gari ambalo usukani wake umelika, cheka kimoyomoyo.

Mkanda, nimekwishasema. Nasema tena: mkanda uvutwe mpaka mwisho. Yote. Wa dereva, wa abiria, wa nyuma. Ukiona sehemu ya chini ina rangi tofauti na ya juu, au inanata, umepata kipimo cha maji yalifika wapi. Mkanda ambao ni mpya peke yake kati ya mikanda mizee, nao uulize.

Tochi. Lala chini, usione haya kuchafua suruali, ni mali yako. Mulika chini ya dashibodi, pale juu ya pedali, kwenye nyaya na vyuma vidogo visivyopakwa rangi. Mulika ndani ya taa za mbele. Mara nyingi maji huacha mstari ndani ya taa, na taa ni ngumu kufungua, kwa hiyo wengi huiacha. Toa tairi ya akiba, papasa shimo lake. Na hapa sisi watu wa Bunia tuna bahati ambayo watu wengine hawana. Vumbi letu ni jekundu, kila mtu analijua, linaingia mpaka kwenye chumvi. Gari lililotembea Ituri litakuwa na vumbi jekundu kila pembe. Ukikuta nyuma ya tairi ya akiba, au ndani ya milango, au chini ya kapeti, unga wa kijivu uliokauka na kupasuka-pasuka, huo haukupulizwa na upepo wa Bunia. Huo uliletwa na maji, ukatulia, ukakauka.

Oili: vuta kile kijiti. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imechanganyika na maji. Lakini muuzaji naye anajua hilo, atakuwa amebadilisha. Mwambie fundi aangalie oili ya difu, kule nyuma, ambako hakuna anayejisumbua.

Na taa za dashibodi. Geuza ufunguo nusu, usiwashe injini kwanza. Ile taa ya eabegi na ile ya breki zinapaswa kuwaka, zikae kidogo, zizime zenyewe baada ya gari kuwaka. Ikikataa kuzima, kuna kasoro. Na kama haikuwaka kabisa tangu mwanzo? Wengi wanafurahi: "Hakuna taa ya makosa!" Hapana. Huenda mtu ameing'oa ili isikusemeshe. Siku hizi mafundi wengi wana ile mashine ndogo ya kusoma makosa ya kompyuta. Mlipe mmoja aje nayo.

Najua kuna watakaoniambia: "Mzee, mafundi wetu wanaweza kila kitu." Ninawaheshimu sana. Nimemwona fundi wa hapa akifufua lori la Fuso lililolala matopeni wiki nzima. Tena gari la zamani la dizeli, lile lisilo na kompyuta, likizama kwenye maji matamu na likafunguliwa haraka, likasafishwa, likabadilishwa oili zote, linaweza kuishi miaka. Mimi mwenyewe ningelinunua, kwa bei yake. Lakini gari la kompyuta kumi si Fuso. Fundi atapata wapi waya mzima wa ndani? Atautoa kwenye gari jingine la okazioni, ambalo nalo hatujui lilikunywa nini.

Tusisahau maji yetu wenyewe. Tangu mwaka 2020 ziwa Albert limewatoa watu nyumbani kwao Kasenyi na Tchomia. Mwenye nyumba alipohama na godoro, gari lake lilikuwa wapi? Lori lililolala ufukweni siku tatu linaweza kupanda mlima kwa Bogoro na kuuzwa hapa mjini kama tunda. Swali ni lile lile.

Basi, wapi pa kufanya ukaguzi huu wote? Kabla ya mpaka. Nasema tena: kabla ya mpaka. Ukishavuka Goli, ukalipa duane ya DGDA, ukapita ukaguzi wa OCC, ukalipa na wale wengine ambao sina haja ya kuwataja, gari ni lako na kasoro zake. Nauli ya fundi kutoka hapa mpaka Kampala, chakula chake na malazi yake, vyote havifikii bei ya sanduku moja la gia. Na komisioneri, yaani dalali, si fundi wako. Ni mtu mzuri, anakupigia simu kila asubuhi, lakini yeye analipwa gari likiuzwa.

Na wewe unayenunua kwa picha za WhatsApp? Sina nguvu ya kukukataza. Ila usiombe picha ya gari likiwa limesimama kwenye majani mabichi. Omba video ya mkanda ukivutwa mpaka mwisho. Omba video ya kapeti ikiinuliwa. Akikuambia haiwezekani, mwambie hata pesa haiwezekani.

Neno dogo la sheria. Nchi yetu bado inatumia sheria ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888. Ndiyo, ya tangu enzi za Leopold. Inamtaka muuzaji awajibike kwa kasoro iliyofichika, ile ambayo mnunuzi hakuweza kuiona. Ile inayoonekana ni shauri la mnunuzi, na mwenye kulalamika anatakiwa alalamike upesi. Kwa hiyo mnapoandikiana karatasi ya mauzo, msiandike tu "nimeuza, nimenunua". Andikeni na sentensi hii: "Muuzaji anasema gari hili halijawahi kuzama majini." Mwangalie usoni anapoisoma. Kuna watu kalamu imewagoma mkononi pale pale, na mauzo yakaishia hapo.

Na kama gari lako wewe mwenyewe limezama leo, sikiliza haraka: usigeuze ufunguo. Usijaribu "kuona kama litawaka". Kumbuka ile chupa iliyojaa maji. Toa waya wa bateri, vuta gari kwa kamba, mwite fundi afungue plagi, atoe maji, abadilishe oili zote. Na siku utakapoliuza, mwambie mnunuzi. Atashusha bei, ni kweli. Lakini utaendelea kusali naye kanisa moja au msikiti mmoja.

Fundi wa mitambo ananionyesha saa, kwa hiyo nimalizie habari ya shemeji, maana najua mtaniuliza njiani. Aliyemwuzia alibadilisha namba ya simu. RAV4 haikuuzwa, shemeji alisema hawezi kumtupia mwenzake nyoka. Fundi alikata waya wa klaksoni, akakata na waya wa kioo kimoja kilichokuwa kinashuka chenyewe. Asubuhi hii nimempita kwenye bulvari, vijana wa taksi-moto wamemzunguka kila upande. Ametoa mkono wa kulia dirishani, anapiga mlango kwa kiganja, pa, pa, pa, na wao wanampisha.